Dohani la Sib na Viapo vya Wazee Wawili

Wageni wakija kwetu Sib, pembeni mwa mji wa Maskati, huuliza kwa nini nyumba ya huku ina dohani. Huliangalia pale juu ya jiko la nje, wakaliangalia jua, kisha wakaniangalia mimi kwa huruma, kama mtu aliyekutwa amevaa koti la sufi bafuni. Mtu mmoja wa msikitini kwetu alinambia kwa upole kuwa katika nchi hii, baridi haijapata kumdhuru mtu. Nikamwambia dohani si la kuleta joto, ni la kutoa moshi, na moshi wenyewe ni wa mke wangu.

Tulipojaaliwa kujenga nyumba hii, mke wangu aliniachia mimi niamue kila kitu: rangi, madirisha, marumaru ya majlisi ya wageni. Alitaka kitu kimoja tu, jiko la nje lenye tanuri la udongo la kuchomea mikate ya mofa, kama lile la bibi yake Unguja, na dohani la matofali la kutolea moshi. Fundi aliyetujengea hakupata kujenga dohani tangu azaliwe. Aliuliza, akachora, akafuta, mwisho akajenga kitu kinachofanana na mnara mdogo wa msikiti usio na mlango. Wako watoto hapa mtaani wanaoamini mpaka leo kuwa ndani yake anakaa muadhini mfupi.

Kila Ijumaa baada ya swala wanetu huja na watoto wao, na mikate hutoka tanurini ikiwa moto, ikaliwa kwa samaki na tui. Nimemshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema nyingi, lakini kwa mofa huwa nashukuru mdomo ungali umejaa, jambo ambalo mwalimu wangu wa chuoni asingelipenda.

Bahari iko mitaa miwili tu kutoka kwetu, na hewa ya bahari haina urafiki na dohani. Chumvi huingia katika chokaa ikaigeuza unga. Wakati wa kiangazi unyevu hushikana na masizi, na ukutani hushuka michirizi myeusi kama wanja wa mtu aliyelia. Chuma chochote ukiweka juu, kutu inakila. Kwa hiyo kila joto likipungua huwa natembeza mkono juu ya matofali, naziba nyufa, nakwangua masizi, namshukuru Mungu kuwa bado nnaweza kupanda ngazi. Miaka yote hayo yalitosha.

Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, mke wangu alitolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia. Daktari, binti mwenye umri wa wajukuu zetu, alimkataza vumbi na moshi mpaka jicho lipone sawasawa. Mke wangu akamtuliza. Moshi wa kwangu una njia yake, alimwambia, unapanda juu, mimi nabaki chini, hatukutani.

Ijumaa iliyofuata niliwasha moto mwenyewe ili yeye asikaribie. Moshi ukaingia dohanini, ukafikiri kidogo, ukarudi. Ulitoka kwa mdomo wa tanuri, ukajaa jikoni, ukatoka mlangoni kama watu wanaotoka msikitini baada ya khutuba ndefu. Mke wangu, ambaye alikuwa amesimama mbali kwa utiifu, ulimfuata huko huko aliko.

Mwanangu mkubwa anakaa Al Khoudh, na ni mtoto mwema ambaye ndani ya gari yake haikosekani tepu ya kupimia. Alimtazama mama yake akifuta machozi kwa upindo wa mtandio.

"Mama, jiko hili tulivunje. Ntakununulia oveni ya umeme. Unabonyeza tu."

"Nabonyeza nini?"

"Kitufe."

"Mie mofa zangu nnazipiga kofi zikashika tanurini. Sizibonyezi."

"Daktari alisema nini juu ya moshi?"

Mke wangu akanitazama mimi, nikatazama chini.

"Baba, nakuomba radhi," mwanangu akasema. "Nyumba ni yako, lakini jicho ni la mama yangu. Shaabani ikiisha na moshi bado unarudi, naleta watu wanavunja, naweka kivuli cha gari."

Alikuwa na haki, na mke wangu alijua ana haki, ndiyo maana alikubali kwa sauti ndogo kuliko zote nilizopata kuzisikia kwake. Tangu siku ile kazi yangu ikawa moja, dohani livute kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama.

Sasa, kupanda paani kwetu si jambo la kuchukua ngazi na kupanda. Jiko limeegemea ukuta wa jirani, na mtu akisimama juu yake anaona uani kwa mwenzake. Na uani wako wanawake, nyumbani kwao, vichwa wazi kwa haki yao. Kwa hiyo kabla ya kutia mguu kwenye ngazi unapaza sauti, "Yaa Satir", unangoja mpaka nyayo za wanawake ziingie ndani na mlango ufungwe, ndipo unapanda huku ukitazama miguu yako mwenyewe. Hivi ndivyo nilivyofunzwa, na ni adabu nzuri.

Ila jirani yangu naye ana masikio. Yeye ni mzee mwenzangu. Wazazi wake walitoka Pemba na wangu Unguja, na kwa jambo hilo tumetaniana tangu ndevu zetu zilipokuwa nyeusi. Wanawake wake wakisikia Yaa Satir huingia ndani, yeye akisikia Yaa Satir hutoka nje.

"Nani apanda?"

"Mie."

"Wapanda wapi na magoti hayo?"

"Dohanini."

"Shuka kwanza. Kahawa imeshaiva."

Kahawa ya jirani haikataliwi. Nilikuwa nashuka, nakaa, naletewa tende, halua, kahawa, na habari za mtu aliyeuza kiwanja chake huko kwao. Natikisa kikombe kuonyesha kuwa nimetosheka, yeye anajaza kwa kuwa hadithi haijesha. Mara adhuhuri inaadhiniwa. Siku nyingine nilifika ngazi ya kati. Nikajaribu kupaza sauti ya kusikika na wanawake peke yao, lakini sauti hiyo Mungu hakuniumbia.

Hatimaye niliona njia pekee ni kumpandisha na yeye. Tulipanda wote wawili asubuhi moja, mimi mbele na kamba, yeye nyuma na birika. Mwisho wa kamba nilifunga matawi ya mtende na jiwe, na kazi ikawa ni kushusha na kupandisha, kushusha na kupandisha, masizi yaanguke.

"Watu wa Unguja mwajua kula mofa tu," akasema, akiwa ameshika kamba kwa vidole viwili. "Dohani hamulijui."

"Na Pemba mna madohani?"

"Pemba hatuna haja. Moshi wetu una adabu, watoka wenyewe."

Sauti ya mke wangu ikatoka ndani ya dohani, nzito, kama ya mtu aliye kisimani. "Mnakwangua au mnapiga soga?"

Jirani alishtuka nusura amwage kahawa. Kisha, tulipokuwa tumepumzika, alinionyesha upande wake kwa fahari. Mwanawe alikuwa ameoa mwezi ule ule wa Rajabu, na bibi harusi amewekwa juu ya gereji, mahali ambapo kuna kibaraza cha kuanikia nguo. Jirani alikuwa amekizungushia mabati marefu, mapya, yanayong'aa, ili binti wa watu aanike nguo zake bila mtandio na asionekane na kiumbe.

"Wayaonaje?"

"Mashaallah," nikasema. "Umefanya la maana. Marefu ya kutosha."

"Niliambiwa niweke mafupi. Nikasema stara haina ufupi."

"Haswa."

Nayaandika maneno yangu haya kama yalivyotoka, na msomaji ayaweke akilini, maana mimi sikuyaweka.

Dohani likawa safi. Nikaziba nyufa zote kwa saruji na chokaa, nikaacha zikauke vizuri, nikawasha moto. Moshi ulirudi tena, na safari hii kwa haraka zaidi, kwa sababu njia yake ilikuwa imesafishwa.

Nikasema basi ni kofia. Juu ya dohani palikuwa na kofia ya bati ya kuzuia mvua, nayo kutu ilikuwa imeitoboa matundu madogo madogo mpaka imefanana na hizi kofia zetu za kushona. Nikaenda Wadi Kabir kwa fundi wa bati, mtu mchangamfu ambaye mimi na yeye tulizungumza Kiarabu ambacho si chake wala si changu. Nilimchorea hewani kwa mikono. Alinielewa kupita kiasi. Alinitengenezea kofia kubwa ya chuma cheupe kisichoshika kutu, kama cha sufuria, na pembeni akaitia nakshi kwa heshima ya ndevu zangu. Tulipoiweka, watoto wa mtaani wakaambizana kuwa muadhini mfupi amepandishwa cheo. Moshi ukarudi chini kama kawaida.

Katika siku hizo ndipo sahani zilipoanza kuja. Kila jioni kutoka kwa jirani sahani iliyofunikwa: wali, samaki wa kukaanga, na mkate. Mkate wa dukani, uliokatwa vipande.

"Ananiletea mkate wa dukani," mke wangu akasema. "Mie."

"Amekusudia wema."

"Najua amekusudia wema. Ndiyo maana siwezi hata kukasirika."

Na sahani ya jirani hairudi tupu. Mke wangu akazirudisha na vitumbua vya jiko la gesi. Jirani akaona vitumbua, akaona haya kupokea bila kutoa, akaleta sahani kubwa zaidi. Mke wangu akarudisha kashata. Yakaja masinia. Mezani kwetu sahani za watu zikapandana mpaka sikuweza kumwona mke wangu upande wa pili, nikawa nasema naye kwa kuinama.

"Hizi haziwezi kurudi na vitumbua," alisema siku moja. "Hizi zinataka mofa."

Sikulitia maanani. Niliporudi kutoka swala ya alasiri niliona moshi umejaa uani. Nikakimbia, kwa kukimbia kwangu mimi, nikamkuta amechutama mbele ya tanuri, anapiga mikate kofi, na machoni amevaa miwani ya kuogelea ya mjukuu wetu, ile ya rangi ya waridi yenye picha ya samaki.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Haivuji maji, haitavuja moshi."

"Inavuja?"

"Inavuja kidogo."

Mwanangu alikuja kutushusha hospitali kwa miadi ya daktari, akatukuta katika hali ile. Alimvua mama yake miwani taratibu, kama mtu anayemfungua mtoto kilemba. Jicho lilikuwa jekundu kama pilipili mbivu. Alikwenda garini, akarudi na tepu, akapima jiko kwa urefu na kwa upana, akapima na mahali pa kuingilia gari.

Daktari aliongeza dawa ya matone, akamtazama mke wangu muda mrefu kuliko kawaida.

Usiku ule hatukula mofa wala mkate wa dukani. Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, si kwa hasira, "Tanuri likivunjwa, Ijumaa watakuja kwa sababu gani? Kila mmoja ana oveni kwake."

Nilitaka kumwambia kuwa watakuja kwa ajili yetu. Lakini nawajua wanangu, na kazi zao, na barabara za Ijumaa, na mimi si mtu wa kusema nisilolijua. Nikamwambia Shaabani bado haijesha.

Asubuhi nilipanda. Nilipaza Yaa Satir, na kwa rehema ya Mungu jirani alikuwa ameshakwenda kununua samaki. Upepo wa baharini ulikuwa mkali. Nikainama nichungulie chini ya ile kofia ya chuma kama kuna ndege aliyejenga kiota. Upepo ukanipita kichwani, ukayapiga mabati ya jirani, ukageuka, ukarudi kwa juu, ukanivua kofia yangu ya kushona, ukaitia dohanini. Sikuidondosha. Ilichukuliwa, ikapitishwa chini ya kofia ya chuma kama barua inayotiwa sandukuni, ikazama.

Mke wangu alikuwa chini anafagia jivu.

"Bwana," sauti ikapanda. "Kofia yako imefika."

"Imefikaje?"

"Nitajuaje? Imekuja peke yake. Kama wataka kuvua na mengine, vulia bafuni."

Nikasimama pale kichwa wazi nikifikiri. Kitu chepesi kama kofia hakiwezi kushuka katika dohani linalovuta. Nilikuwa na karatasi ya kufutia pua mfukoni. Nikaiweka juu ya mdomo wa dohani nikaiachia. Nayo ikashuka.

"Na karatasi imekuja," akasema mke wangu. "Kuna nini huko juu?"

Ndipo nilipoyatazama yale mabati kama mtu anayemtazama tena mgeni aliyemkaribisha mwenyewe. Yalikuwa yamelipita dohani kwa urefu wa mkono mzima. Upepo unatoka baharini, unagonga bati, unakosa pa kwenda, unashuka. Moshi wetu ulikuwa hautoki kwa sababu kila ukichungulia nje unapigwa kofi. Na mimi nilikuwa nimeyasifu urefu wake.

Nikashuka nikamweleza mke wangu. Alikuwa ameishika kofia yangu kwa koleo.

"Sasa mwambie jirani," akasema.

"Ntamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

Hakuwa anaelewa uzito wake, au alikuwa anaelewa na hakuwa na jicho la kusubiri. Jirani yangu ni mtu ambaye ukimwambia kanzu yake nzuri anaivua akupe. Nikimwambia mabati yake yananidhuru, atayang'oa kabla sijamaliza sentensi, na yule binti, ambaye ni mgeni nyumbani kwa watu, atakuwa hana mahali pa kuanika nguo zake kwa stara. Haki ya jirani ni kubwa, nimeisoma tangu mtoto, na sikutaka kuvuka mlango wa haki yake ili nilipate haki yangu. Njia nyingine ilikuwa kurefusha dohani lipite mabati. Lakini fundi atakayesimama juu kulirefusha ataona kibaraza chote, na hilo haliwezi kufanywa bila ya jirani kujua, na jirani akijua atauliza sababu.

Nikaenda kwake baada ya alasiri. Tukakaa. Nikauliza hali ya nyumbani, hali ya mwanawe, hali ya samaki sokoni. Yeye akauliza ya kwangu, kisha akauliza tena. Nikaona naye anazunguka kama mimi, kama watu wawili wanaotafuta mlango wa nyumba moja. Mwisho akaweka kikombe chini.

"Jirani, nisamehe kama tumekukoseeni."

"Kwa lipi?"

"Tangu bibi harusi aanze kuanika, moshi wenu siuoni. Tulipokwangua nikadhani ni usafi wenu wa kila mwaka, kisha nikajua mumezima jiko ili moshi usiingie katika nguo zake. Watu kama nyie hamusemi. Nikaona aibu, nikasema walau chakula tuwaletee, maana sisi ndio tuliowazimia moto."

Nilicheka mpaka kahawa ikanipitia puani. Alinitazama kwa wasiwasi, na kwa kuwa nimeshacheka sikuwa na njia ila kumwambia kweli yote: jicho, tanuri, mwanangu na tepu yake, kofia yangu, mabati.

Akasimama, na magoti yake si ya kusimama haraka.

"Wallahi mabati yale hayalali pale leo."

"Wallahi hayang'oki," nikasema, kabla sijafikiri.

Tukatazamana kama watu waliovunja kikombe cha mwenye nyumba.

"Tushaapa," akasema.

"Tushaapa."

"Mmoja wetu lazima avunje."

"Na kafara yake ni kulisha masikini kumi."

"Kafara naijua. Hata Pemba kulikuwa na vyuo."

Nikamkumbusha kuwa katika adabu za dini, nduguyo akiapa juu yako, vizuri umsaidie kiapo chake kitimie. Akasema hilo pia analijua, kwa hiyo yeye atayaacha mabati, kitimie changu, yeye ndiye alishe. Nikasema haiwezekani, mimi ndiye niliyekuja na shida, mabati yang'oke, mimi ndiye nilishe. Akasema nyumbani kwake mgeni havunji kiapo. Tukawa tunagombania dhambi kama watoto wanaogombania kiti cha mbele cha gari, kila mmoja anavuta kwake. Magharibi ikaadhiniwa, tukaenda kuswali tukiwa bado hatujaafikiana, na imamu aliporefusha kusoma nilishukuru.

Baada ya swala ya alfajiri nilikwenda kwake na ngazi na spana. Nilikuwa nimekata shauri. Nilimkuta mlangoni.

"Yamelala," akasema kwa furaha. "Nimeyaacha makusudi. Kiapo changu kimevunjika, chako kizima."

"Mie nimekuja kuvunja changu."

"Huna haja tena."

"Nnayo. Dohani lirefushwe, na pasipo kuyaondoa mabati fundi hana pa kusimama."

Akafikiri. Akaniuliza kama nina spana ya pili.

Bibi harusi alipelekwa kwa mama yake kwa siku ile, na wanawake wengine wakaingia ndani. Fundi wa Wadi Kabir alikuja na bomba la chuma kile kile cheupe, nikamsimamia kila skrubu na kila waya iwe ya chuma hicho, maana skrubu moja ya chuma cha kawaida kwa chumvi ya Sib ni kualika kutu ndani kwa jina. Wazee wawili tulikuwa chini tunashikilia mabati yasipeperuke, mimi bati moja na yeye moja, tumekumbatia kama watu wanaocheza ngoma na milango. Bomba likasimama, likafungwa kwa waya pande zote, na juu yake ile kofia yenye nakshi. Kisha mabati yakarudi mahali pake, na dohani sasa likawa linatazama juu ya bati, bila macho, alhamdulillahi.

Lakini kiapo changu nacho kilikuwa kimevunjika. Jirani kumi, mimi kumi. Na mke wangu alisema neno moja tu aliposikia hesabu hiyo: "Mofa." Jirani akasema samaki na mchuzi juu yake, mikate juu yetu.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Shaabani. Mwisho wa mtaa wetu palikuwa panajengwa nyumba, na vibarua wake hula mchana chini ya kivuli cha lori, wali mweupe na pilipili, kila walichonacho wamekipeleka kwao. Hao ndio tuliowaalika. Wanangu wote walikuja, na yule mkubwa alikuja na tepu. Haikuwa mkononi, ilikuwa mfukoni, lakini inaonekana.

Niliwasha moto mimi. Moshi ukaingia dohanini. Ukafikiri kidogo, kama ilivyo tabia yake, na ulimi mmoja ukachungulia nje ya mdomo wa tanuri. Mwanangu akatia mkono mfukoni. Kisha ule ulimi ukavutwa ndani, polepole, kama mtu anayevuta tambi, na jiko likabaki na harufu ya kuni tu.

"Linavuta, Unguja," jirani akasema kutoka upande wake wa ukuta. "Laonekana mpaka huku."

Mke wangu akaingia jikoni, akafunga mtandio kiunoni, akaanza kupiga mikate kofi.

Vibarua wakaja, wakanawa, wakakaa uani kwenye mikeka. Jirani akapita na samaki, mimi nikapita na mikate. Ikatokea tatizo ambalo katika elimu yangu yote sikupata kulisoma, nalo ni kuwa hatukujua kumi wake ni wepi na kumi wangu ni wepi.

"Yule wa kwangu," akasema. "Nimemtilia mchuzi mimi."

"Mkate alioutowelea ni wangu."

"Basi nusu yake wa kwako."

"Kafara haina nusu."

Wenyewe wakawa wanatuangalia, wanakula. Mmoja, ambaye jirani alimsogeza upande wake na mimi nikamrudisha upande wangu, alichukua sahani yake akaenda kukaa baina yetu. Mwisho tukakubaliana kuwa walikuja wengi kuliko tuliowaalika, wote wameshiba, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi hesabu ya kila mtu.

Mikate ilipokaribia kwisha, mwanangu aliingia jikoni akamshika mama yake mkono, akamtoa nje juani. Alimwinua kidevu. Akalitazama jicho la kulia muda mrefu, akalivuta kope kwa kidole kama alivyomwona daktari akifanya, akawasha hata taa ya simu mchana ule mweupe. Mke wangu alisimama, unga mpaka viwikoni. Jicho lilikuwa jeupe na kavu.

"Basi, mama," akasema.

"Basi nini?"

"Basi. Gari itakaa juani."

"Itakaa. Kwani ina ngozi?" akasema mama yake, akimwekea sinia mikononi. "Wapelekee wale wa mwisho, mofa zao zinapoa."

Akalichukua sinia, akaenda.